Mashine Inayoandika Maneno ya Mgonjwa: Kosa Hutokea Wapi, na Hutafutwaje?

Katika kazi ya tiba, maandishi ni chombo sawa na kipimajoto. Tabibu anapoandika kwamba mgonjwa ameharisha kwa siku nne, au kwamba hajapata kutumia dawa fulani, maneno hayo humfuata mgonjwa hadi hospitali ya wilaya na hospitali ya mkoa, na hubaki hata baada ya tabibu mwenyewe kuhamishwa. Ugonjwa mgeni, aghalabu, hauna jina wala kipimo siku unapoingia. Kinachoweza kuonyesha kwamba umeingia ni dalili zilizoandikwa sawasawa, zikalinganishwa mgonjwa kwa mgonjwa.

Mkoa wa Kagera una sababu ya kulijua jambo hili. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walipatikana mkoani humo mwaka 1983. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa katika Wilaya ya Bukoba. Watu 9 walihesabiwa kuwa wameugua, na 6 kati yao walifariki. Mwezi Januari 2025 ugonjwa huohuo ulithibitishwa katika Wilaya ya Biharamulo, na mlipuko ulipotangazwa kwisha mwezi Machi, wagonjwa wote 10 waliohesabiwa, yaani 2 waliothibitishwa kwa vipimo na 8 waliodhaniwa, walikuwa wamefariki. Mahali penye historia ya namna hiyo, neno moja lililoachwa katika daftari la tabibu si jambo dogo.

Siku hizi kazi ya kuandika imeanza kukabidhiwa mashine. Zipo programu za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, zinazosikiliza mazungumzo ya tabibu na mgonjwa kwa njia ya simu au kompyuta, zikaandika kila neno, kisha zikayafupisha maneno hayo kuwa kumbukumbu ya matibabu: maelezo ya mgonjwa, yaliyoonekana katika uchunguzi, ugonjwa unaodhaniwa na dawa zilizotolewa. Faida yake ni dhahiri. Tabibu mwenye foleni ndefu hupata nafasi ya kumtazama mgonjwa badala ya kutazama karatasi. Lakini watumiaji wa programu hizo, katika nchi tajiri na katika nchi maskini, hukutana na matatizo mawili yaleyale: kumbukumbu iliyoandikwa si sahihi, au kumbukumbu haipo kabisa.

Ili maelezo yasiwe ya hewani, ichukuliwe zahanati ya kufikirika katika kata ya Chonyonyo, wilayani Karagwe. Tabibu ni mmoja, muuguzi ni mmoja, na simu iko juu ya meza. Paa ni la bati, na mvua ikinyesha watu hulazimika kupaza sauti. Mgonjwa huanza kwa Kinyambo, huendelea kwa Kiswahili, na tabibu hutaja dawa kwa Kiingereza. Mashine ikiwekwa mahali hapo, itasikia nini? Na ikikosea, kosa litafutwe wapi?

MASHINE HUSIKIAJE?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kipaza sauti cha simu huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, na kompyuta huupima umeme huo mara nyingi sana kila sekunde. Katika programu nyingi za kutambua usemi, mara 16,000. Vipimo hivyo hukatwa katika vipande vidogo vya muda, kwa kawaida milisekunde 25 kila kimoja, na kila kipande huchunguzwa kuona ni sauti nene kiasi gani na nyembamba kiasi gani zilizomo ndani yake. Matokeo yake ni kama picha ya usemi, na picha hiyo ndiyo inayosomwa na mashine.

Mpaka hapa kazi ni ya fizikia. Hatua inayofuata ni ya hesabu za uwezekano. Mwaka 1952 maabara ya Bell ya Marekani ilitengeneza mtambo ulioitwa Audrey, ulioweza kutambua tarakimu kutoka sifuri hadi tisa zikitamkwa mojamoja. Mitambo ya leo ina tabia nyingine: hubashiri. Kwa kila sauti inayoingia, mashine hujiuliza ni neno gani lina uwezekano mkubwa zaidi wa kufuata, kwa kuzingatia sauti yenyewe pamoja na maneno yaliyotangulia.

Tabia hii inaeleweka kwa mfano mmoja. Tabibu akisema, "Vidonge viwili, kutwa mara...", kisha mlango ukagongwa na neno la mwisho lisisikike, karibu kila mtu aliyewahi kwenda zahanati atalijaza pengo kwa neno "tatu". Mashine nayo italijaza hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mtu anajua kuwa amekisia, na anaweza kuuliza, "Umesema mara ngapi?" Mashine huandika "tatu" kwa wino uleule na unadhifu uleule iliotumia kuandika maneno iliyoyasikia vizuri. Kama tabibu alisema "mbili", hakuna alama yoyote katika ukurasa itakayomwonya msomaji.

Hili ndilo jambo la msingi katika somo zima. Ukurasa mtupu humshtua msomaji, naye hutafuta kilichopotea. Ukurasa uliojaa, wenye sentensi nzuri zisizo za kweli, humlaza usingizi.

MAKOSA YA AINA TATU

Wataalamu huyagawa makosa ya mashine hizi katika mafungu matatu: neno lililobadilishwa, neno lililoachwa, na neno lililoongezwa. Fungu la tatu ndilo lililowashangaza watafiti. Programu iitwayo Whisper ilitolewa na kampuni ya OpenAI ya Marekani mwezi Septemba 2022, na baadaye ikatumiwa ndani ya programu nyingine, zikiwamo za tiba. Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na Allison Koenecke wa Chuo Kikuu cha Cornell walitoa matokeo ya kuichunguza. Waligundua kwamba katika kama asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyoipa, programu iliandika maneno au sentensi nzima ambazo hakuna mtu aliyezisema. Asilimia 38 ya maneno hayo ya kubuni yalikuwa ya kudhuru, mathalani kutaja ukatili au matibabu yasiyokuwapo. Kosa hilo lilijitokeza zaidi pale msemaji aliponyamaza kwa muda mrefu katikati ya usemi. Mashine iliyofundishwa kuandika iliendelea kuandika hata pasipo na la kuandika.

Asilimia 1 yaonekana kuwa ndogo. Mwanafunzi wa hisabati na aipime. Mazungumzo ya mgonjwa mmoja yakigawanyika katika vipande 20, na kila kipande kikiwa na uwezekano wa 0.99 wa kutokuwa na ubunifu, basi uwezekano wa mazungumzo yote kuwa salama ni 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20, yaani karibu 0.82. Maana yake ni kwamba kama mazungumzo 18 katika kila 100 yatakuwa na angalau kipande kimoja cha uwongo. Hesabu hii inachukulia kwamba vipande havitegemeani, jambo ambalo si kweli kabisa. Lakini inatosha kuonyesha jinsi kosa dogo linavyokua likirudiwarudiwa.

Tena, kumbukumbu yenye kosa haikai peke yake. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya uchunguzi katika vituo 15 vya afya vya Penda Health jijini Nairobi, uliohusu karibu mahudhurio 40,000 ya wagonjwa. Huko ilijaribiwa programu inayosoma kumbukumbu anazoandika tabibu na kumwonya aonekanapo kukosea, na makosa ya utambuzi na ya tiba yalipungua. Matokeo hayo yanatia moyo. Lakini mashine inayoonya haiwezi kuwa na busara kuliko maandishi inayoyasoma. Ikiwa maandishi nayo yametoka katika mashine nyingine iliyosikia vibaya, onyo litajengwa juu ya mchanga.

KISWAHILI CHA CHUMBA CHA TABIBU

Mashine ya kutambua usemi hujifunza kwa kupewa sauti nyingi pamoja na maandishi yake. Katika toleo la kwanza la Whisper zilitumika saa 680,000 za sauti. Kiingereza kilikuwa na zaidi ya saa 400,000. Kiswahili, kwa kazi ya kuandikwa kama kilivyosemwa, kilikuwa na saa 5.4 tu, yaani pungufu ya siku moja ya masomo shuleni. Tangu hapo hali imekuwa ikibadilika. Matoleo ya baadaye yaliongezewa sauti nyingi, na mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla umekusanya mamia ya saa za Kiswahili zilizosomwa na wananchi waliojitolea. Hata hivyo, sentensi iliyosomwa kwa utulivu si sawa na maneno ya mama mwenye mtoto anayelia.

Kiswahili chenyewe kina mambo yanayomtaka msikilizaji awe makini.

La kwanza ni ukanushi. Tazama sentensi mbili hizi: "Atahitaji kuongezewa damu" na "Hatahitaji kuongezewa damu". Kinachozitenganisha ni h moja, ambayo ni pumzi tu isiyo na mlio. Matamshi ya haraka huimeza, na mvua juu ya bati huifunika. Vivyo hivyo "atameza" na "hatameza", "atarudi" na "hatarudi".

La pili ni hesabu. "Miligramu mia tano" ni 500. "Miligramu mia na tano" ni 105. Silabi moja, "na", hubadili dozi karibu mara tano.

La tatu ni l na r, ambazo katika sehemu nyingi za nchi hubadilishana nafasi vinywani mwa watu. Mama akisema mtoto "anahalisha", kila tabibu anaelewa. Mashine yaweza kuandika kwamba mtoto "anahalalisha". Maneno "hali" na "hari" nayo ni maneno mawili tofauti, na yote mawili yana maana mbele ya mgonjwa mwenye homa.

La nne ni maana za kimazoea. Kumbukumbu nyingi za matibabu nchini huandikwa kwa Kiingereza ilhali mazungumzo ni ya Kiswahili, kwa hiyo mashine hutakiwa pia kutafsiri. Hapo ndipo "mtoto anaendesha" hugeuka kuwa mtoto anayeendesha gari, na "ana kifua" huwa taarifa isiyo na maana, kwani kila mtu ana kifua. "Degedege", jina la mishtuko ya mtoto mwenye homa kali ambayo mara nyingi huletwa na malaria, laweza kuwa ndege. "Jicho la kulia" laweza kuwa jicho linalotoa machozi. Na "saa mbili usiku", isipohesabiwa kwa saa za Kiswahili, hugeuka kuwa saa nane usiku, na mgonjwa hupewa dawa saa sita baada ya wakati wake.

La tano ni adabu. Mgonjwa wa Kitanzania akiulizwa "Hujambo?" atajibu "Sijambo" hata kama amebebwa kwa machela, akiulizwa habari, atasema "Nzuri", kisha ndipo aseme "lakini". Muhtasari uliotengenezwa na mashine isiyojua desturi hii waweza kuanza kwa kusema kwamba mgonjwa anajisikia vizuri.

KINYAMBO NA NUSU DAKIKA YA KWANZA

Katika Karagwe na Kyerwa lugha ya wenyeji ni Kinyambo, ndugu wa Kihaya na Kinyankole. Ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, na jamaa wa maneno huonekana mara moja: mtu ni "omuntu", watu ni "abantu". Udugu huo waweza kuipotosha mashine, kwa sababu sauti ya Kinyambo hufanana na Kiswahili kiasi cha kuishawishi iandike maneno ya Kiswahili ambayo hayakusemwa.

Tatizo jingine ni la kimpangilio. Whisper, isipoambiwa lugha, huitambua lugha kwa kusikiliza sekunde 30 za mwanzo, kisha huyachukulia mazungumzo yote kuwa ya lugha hiyo. Sasa, nusu dakika ya mwanzo katika zahanati ya kijijini ni ya maamkizi, na maamkizi hayo yaelekea kuwa ya Kinyambo. Mashine ikikosea hapo, kila kinachofuata huharibika, hata kama mgonjwa alihamia Kiswahili fasaha. Dawa yake ni rahisi: lugha ichaguliwe kwa mkono kabla ya kuanza kurekodi. Pale mgonjwa anapozungumza Kinyambo kitupu, na mashine haikufundishwa Kinyambo, izimwe. Tabibu au muuguzi anayeijua lugha aandike mwenyewe.

Kazi ya kuzipatia lugha hizi msingi haikuanza jana. Profesa Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa mwaka 2002 msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza. Katika Afrika kwa jumla, mwaka 2023 ulitolewa mkusanyo wa AfriSpeech-200: saa 200 za Kiingereza kinachosemwa kwa lafudhi 120 za Kiafrika, sehemu yake ikiwa ya maneno ya tiba. Mashine haiwezi kujifunza lugha ambayo wenye lugha hawakuikusanya.

KULITAFUTA KOSA HATUA KWA HATUA

Fundi wa redio hatupi redio kwa kuwa imenyamaza. Huifuata njia ya umeme kutoka betri hadi spika, akipima kila kituo. Kumbukumbu ya mgonjwa nayo ina njia: kinywa, hewa, kipaza sauti, faili la sauti, mtandao, maandishi, muhtasari. Kanuni ni moja: pima katika kila kituo, na anza mwanzoni.

(1) Je, sauti ipo? Kumbukumbu inapokosekana, jambo la kwanza ni kulitafuta faili la sauti na kuulinganisha urefu wake na muda aliokaa mgonjwa. Kama mgonjwa alikaa dakika 12 na faili lina dakika 7, akili unde haina hatia. Yawezekana simu iliingia na kukatisha kurekodi, betri ilikwisha, nafasi ya kuhifadhi ilijaa, au simu ilizima programu ili kuokoa umeme. Tiba yake ni kuzuia simu zinazoingia wakati wa kurekodi, na kukagua betri na nafasi kila asubuhi.

(2) Sauti ipo, lakini maandishi hayapo. Programu nyingi hupeleka sauti mbali kwa mtandao ili iandikwe huko. Mtandao ukiwa dhaifu, faili husubiri ndani ya simu. Katika hali hii programu isifutwe na kuwekwa upya, kwa maana kufuta kwaweza kuondoa na mafaili yaliyokuwa yakisubiri. Simu ipelekwe penye mtandao, isubiriwe. Vilevile kumbukumbu itafutwe kwa tarehe na saa, wala si kwa jina peke yake, kwani majina hufanana na huenda maelezo yamehifadhiwa chini ya mgonjwa mwingine. Kosa hili ni la hatari mara mbili: mgonjwa mmoja amekosa kumbukumbu, na mwingine amepewa isiyo yake.

(3) Maandishi yapo, lakini yamekatika. Itazamwe ni wapi yamekatika. Je, ni pale mvua ilipoanza? Je, ni baada ya kimya kirefu? Programu zinazoikata sauti katika vipande vya sekunde 30 zaweza kupoteza maneno kwenye mipaka ya vipande. Pia zipo zinazonasa na kuirudia sentensi moja mara nyingi. Marudio hayo ni dalili kwamba maneno ya kweli ya sehemu ile yamepotea.

(4) Maandishi ni kamili, lakini maneno siyo. Hapa lipo jaribio moja la uamuzi: mtu anayeijua lugha aisikilize sauti ya asili. Ikiwa naye hasikii, kosa liko kwenye kipaza sauti au makelele. Simu isogezwe karibu na wasemaji, isiwekwe mfukoni wala juu ya meza inayogongwagongwa, na dirisha la upande wa barabara lifungwe. Ikiwa mtu anasikia vizuri na mashine imekosea, kosa liko kwenye lugha. Uchaguliwe mpangilio sahihi wa lugha, na kama programu inaruhusu, iongezewe orodha ya maneno ya mahali: majina ya vijiji, ya dawa na ya magonjwa kama wananchi wanavyoyaita.

(5) Maneno ni sahihi, lakini muhtasari siyo. Maneno yaliyoandikwa yawekwe kando ya muhtasari na vikaguliwe vitu vitano: ukanushi, tarakimu, majina ya dawa, upande wa mwili, na nani alisema nini. Mama anaposimulia kwamba yeye mwenyewe aliugua mwezi uliopita, ugonjwa huo usije ukaandikwa kwa mtoto. Ikumbukwe pia kwamba mashine haina macho wala mikono. Tabibu akiibonyeza bandama ya mgonjwa kimyakimya, hakuna kitakachoandikwa. Au vibaya zaidi, mashine itaandika kwamba tumbo ni la kawaida, kwa sababu ndivyo kumbukumbu nyingi zilivyo. Hapana budi tabibu aseme kwa sauti anachokiona na anachokigusa.

(6) Kosa liandikwe. Daftari la makosa liwe na tarehe, kilichosemwa, kilichoandikwa na hali ya mahali, bila jina la mgonjwa. Makosa yakishafika thelathini hivi, sura yake huanza kuonekana: yote ni ya tarakimu, au yote ni ya siku za mvua, au yote ni ya wazee. Daftari hilo lina thamani kwa watengenezaji wa programu kuliko malalamiko ya jumla kwamba "haifanyi kazi".

Ni wazi kwamba hatua hizi zote hutegemea sauti ya asili. Zipo programu zinazoifuta sauti mara tu maandishi yanapokuwa tayari, kwa nia njema ya kulinda siri ya mgonjwa. Lakini sauti ikishafutwa, hakuna tena kipimo cha kuyapimia maandishi. Mizani inayofaa ni kuitunza sauti mahali salama mpaka tabibu ahakikishe na kutia sahihi, kisha ndipo ifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo mgonjwa aelezwe, kwa lugha anayoielewa, kwamba mashine inasikiliza. Na akikataa, atibiwe vilevile.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili lahitaji simu moja yenye programu yoyote ya kuandika usemi wa Kiswahili, karatasi, na wasomaji watatu. Yasitumike maneno ya mgonjwa halisi. Wanafunzi watunge sentensi 20 za kitabibu, nusu yake zikiwa na ukanushi au tarakimu. Zisomwe mara tatu: chumba kikiwa kimya na simu ikiwa umbali wa mita 1, simu ikiwa umbali wa mita 3, na redio ikizungumza pembeni. Mwalimu wa fizikia atakumbusha kwamba umbali ukiongezeka mara tatu, nguvu ya sauti inayofika moja kwa moja hupungua hadi sehemu moja ya tisa, ukiacha mwangwi wa kuta.

Kiwango cha makosa hupatikana kwa kujumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha kugawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Tuseme iliyosomwa ni hii yenye maneno 12: "Mtoto hakutapika jana, lakini anaharisha tangu juzi na hajapewa dawa yoyote nyumbani."

Mashine A ikaandika: "Mtoto alitapika jana, lakini anaharisha tangu juzi na amepewa dawa nyumbani."

Mashine B ikaandika: "Mtoto hakutapika jana, lakini anahalisha toka juzi na hajapewa ndawa yoyote nyumbani."

Mashine A imebadilisha maneno mawili na kuacha moja. Mashine B imebadilisha matatu. Kila moja ina makosa 3 kwa maneno 12, yaani asilimia 25. Kwa kipimo hicho ni sawasawa. Lakini maandishi ya B yanachekesha tu, na tabibu atayaelewa. Maandishi ya A ni mazuri kusoma, nayo yamesema kinyume cha ukweli mara mbili. Kwa hiyo darasa lihesabu pia makosa ya hatari peke yake, yaani yale yanayoweza kubadili matibabu.

Kuna sababu nyingine ya kutoridhika na kipimo cha maneno. Neno moja la Kiswahili, "hatutampa", hubeba habari ambayo Kiingereza huieleza kwa maneno matano. Mashine ikiandika "tutampa", kipimo kitahesabu kosa moja, ilhali kilichopinduliwa ni sentensi nzima. Kipimo kilichotungwa kwa lugha moja hakifai kupokelewa katika lugha nyingine bila kuchunguzwa.

KIPIMO CHA MWISHO

Baada ya hatua zote hizo kipo kipimo kimoja kisichohitaji umeme wala mtandao. Kabla mgonjwa hajainuka kitini, asomewe kilichoandikwa, kwa lugha yake: "Umesema mtoto hajatapika, anaharisha tangu juzi, na hujampa dawa. Ndivyo?" Kazi hiyo huchukua chini ya dakika moja. Mgonjwa ndiye peke yake aliyekuwapo ugonjwa ulipoanza, naye ana haki ya kusema, "La, sikusema hivyo." Pale anapositasita, mahali hapo paachwe wazi mpaka aulizwe tena. Nafasi iliyo wazi katika kumbukumbu ni ungamo la kweli kwamba jambo halijajulikana, na sayansi yote husimama juu ya maungamo ya namna hiyo.

Maswali kwa wanafunzi

1. Ikiwa kila kipande cha sauti kina uwezekano wa 0.995 wa kuwa salama, ni mazungumzo mangapi kati ya 100 yenye vipande 20 yatakuwa na angalau kosa moja?

2. Taja jozi tano za maneno ya Kiswahili zinazotofautiana kwa sauti moja tu, ambazo kubadilishana kwake kwaweza kumdhuru mgonjwa.

3. Kati ya mashine inayoacha pengo isiposikia na mashine inayojaza pengo, ungependekeza ipi kwa zahanati ya kijijini? Toa sababu.